Nani Anayekumbuka Maji? Mzigo wa Kuwaza Nyumba Likoni, Kisauni na Changamwe

Kazi za nyumbani zimezoeleka kuhesabiwa kwa kile kinachoonekana, yaani vyombo vilivyooshwa, nguo zilizoanikwa, sima iliyosongwa na watoto waliovishwa sare, lakini nyuma ya kila kazi ya mkono ipo nyingine isiyoacha alama popote, nayo ni ya kutangulia kujua kwamba unga unakaribia kwisha, kwamba sare imechanika begani, kwamba ada ya madrasa inadaiwa, na kwamba Jumamosi kuna arusi isiyoendeka mikono mitupu. Kazi hii ya pili, ambayo katika makala haya itaitwa mzigo wa kuwaza, haina saa ya kuanza wala ya kumaliza. Hufanywa ndani ya matatu, katika foleni ya feri, mbele ya jiko, na mara nyingi kitandani, taa zikiwa zimekwisha kuzimwa.

Wataalamu wa elimu ya jamii walichelewa kuiona. Mwaka 1984 Mfaransa Monique Haicault alieleza hali ya wanawake wenye ajira ambao mwili huwa mahali pamoja na akili mahali pengine, wakiwaza nyumba wangali kazini, na kazi wakiwa nyumbani, bila ya pande hizo mbili kupumzika kwa zamu. Mwaka 2019 Mmarekani Allison Daminger, baada ya kuwahoji wanandoa wa nyumba 35, aliigawa kazi hiyo katika hatua nne: kutangulia kuliona hitaji kabla halijabisha hodi, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua njia ipi ifuatwe, na kufuatilia mpaka jambo liishe. Alichokikuta ni kwamba waume walishiriki vizuri katika hatua ya kuamua, ambayo ndiyo yenye heshima na sauti, ilhali hatua ya kwanza na ya mwisho, ambazo ndizo zenye kuchosha na zisizo na shukrani, ziliwaangukia wake.

Jambo ambalo maandishi ya aina hiyo hayalitaji sana ni kwamba familia zilizochunguzwa ziliishi katika miji ambamo mfereji ukifunguliwa hutoa maji na taa ikiwashwa huwaka, kwa hivyo mume na mke wa huko wakivutana juu ya nani akumbuke siku ya daktari wa meno, maji hayamo katika mvutano huo. Upande wa bara wa Mombasa mambo ni mengine, kwani huko kila huduma ambayo mji haukuifikisha mlangoni hugeuka kuwa wazo ndani ya kichwa cha mtu fulani wa nyumba hiyo. Wala hao si watu wachache wa pembezoni. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta wakazi 1,208,333 katika kaunti nzima, na kati yao ni 154,171 tu waliokuwa Mvita, yaani kisiwani, ilhali Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Mombasa inayoonekana katika picha za watalii ni sehemu ndogo ya Mombasa inayopika, kufua na kulea.

Maji yanatosha kulionyesha jambo hilo kwa karibu. Kaunti haina chanzo chake kikubwa cha maji baridi, na kinachofika hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kwa njia ya bomba, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na upande wa kusini Marere na Tiwi katika Kaunti ya Kwale. Maji hayo hayatoshi, hugawanywa kwa zamu, na zamu yenyewe haina ahadi. Ndiyo maana uani mwa nyumba ya Mishomoroni au Shika Adabu hapakosi mapipa na safu ya mitungi ya manjano ya lita 20, ambayo kwa mgeni ni mitungi tu, ila kwa mwenye nyumba ni daftari lililo wazi. Ile ya pembeni ni ya maji ya chumvi ya kisima, ambayo hufaa kwa choo na kudekia, na huogewa kwa shida kwa sababu sabuni haitoi povu. Ile iliyofunikwa vizuri ni ya maji matamu, ya kunywa, kupikia na chai, na ole wake mtoto atakayetia kata ya huku kule.

Shirika la Afya Duniani huchukulia lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini kabisa cha mahitaji ya msingi, na kwa familia ya watu sita hiyo ni mitungi sita kila siku, kabla ya kufua na kabla ya mgeni. Anayeishika hesabu hii huzipitia hatua zote nne za Daminger: hutazama kiwango cha pipa na kukisia siku zilizobaki, hupima kama angoje zamu ya mfereji au amwite mwenye mkokoteni, ambaye bei yake hupanda pale pale mifereji inapokauka mtaa mzima, huamua, kisha hubaki akisikiliza kama mkokoteni umeingia kichochoroni. Kijana aliyetumwa kuisukuma mitungi huonekana amefanya kazi, naye kweli ameifanya. Aliyejua tangu jana kwamba leo maji yatakwisha haonekani amefanya lolote.

Usafiri nao huzaa mawazo ya aina yake. Feri ya Likoni, ambayo hukadiriwa kuvusha watu wapatao 300,000 kwa siku na ambayo mwenda kwa miguu hailipii, ni kivuko cha bure kwa mfuko lakini cha gharama kwa akili, kwa kuwa mzazi wa Mtongwe anayefanya kazi kisiwani hawezi kuipanga siku yake mara moja. Huipanga mara mbili, siku ya feri kwenda sawa na siku ya feri kukwama, na katika mpango wa pili lazima awepo jirani aliyekwisha kuombwa amchukue mtoto wa chekechea. Changamwe hakuna bahari ya kuvuka, ila kuna malori ya bandarini, na kuna zamu za usiku na vibarua visivyojulikana mpaka alfajiri, hata nyumba ambayo baba yake hushika zamu hulazimika kuwa na saa mbili za kula na saa mbili za kunyamaza. Stima, katika nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na mita moja, huhitaji mtu wa kukumbuka nani katoa na nani hajatoa pesa ya tokeni. Shule nayo, tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa, imeuongezea mzigo huu kwa ujumbe unaoingia simuni saa tatu za usiku kwamba kesho mtoto aje na vifuniko vya chupa kumi na karatasi ya manila, wakati maduka yanafungwa.

Juu ya hayo yote kuna pesa, na pesa ya siku ina kero kuliko pesa ya mwezi. Mwenye mshahara hufikiri mara moja, mwisho wa mwezi, na akishanunua gunia la mchele na mafuta ya dumu huyasahau kwa wiki kadhaa. Mwenye kibarua huachiwa matumizi asubuhi, au asiachiwe, na kila siku huianza upya hesabu ya unga wa kupimiwa, mafuta ya kibaba, makaa ya mkebe na kitoweo. Wachumi na wanasaikolojia akina Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir walionyesha mwaka 2013, kwa kuwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu huko India, kwamba mkulima yule yule hufanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili kabla ya mavuno, pesa zikiwa zimekwisha, kuliko baada ya mavuno. Akili haikuwa imepungua. Ilikuwa imeshikwa na kazi nyingine. Mama wa Kisauni anayesahau kwamba leo kulikuwa na kliniki ya mtoto huenda asiwe mzembe hata chembe, bali amekwisha kuitumia akili yake yote juu ya kitoweo.

Sehemu moja ya mzigo huu haijulikani kabisa katika vitabu vya wageni, nayo ni ya wajibu wa kijamii, ambao pwani una hesabu kali kuliko ya benki. Nani alikuja kuhani matanga ya babu, nani alileta sufuria ya pilau na nani alituma salamu tu, wifi alitoa kiasi gani katika arusi ya mwisho na kwa hivyo arudishiwe kiasi gani katika hii, mavyaa aliudhika kwa neno gani na atulizwe vipi kabla ya Idi: yote haya hukaa katika vichwa vya wanawake, na yakisahaulika, aibu huwa ya nyumba nzima. Mwanaanthropolojia Marc Swartz, aliyewachunguza Waswahili wa Mombasa kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1991, aliona jinsi wake walivyokuwa na nguvu juu ya matumizi ya sherehe hata pale ambapo mfuko ulikuwa wa mume. Nguvu hiyo ni ya kweli, ila nayo hulipiwa kwa kukumbuka. Mwezi wa Ramadhani huyaunganisha yote kwa pamoja, maana futari haingoji hata dakika moja baada ya adhana, feri ya jioni hujaa kupita kiasi, bei ya tambi na mbaazi hupanda, daku inataka mtu wa kuamka kwanza, na kabla nusu ya mwezi haijafika watoto wamekwisha kuulizia nguo za sikukuu.

Ni nani basi anayeubeba? Uchunguzi wa kwanza wa matumizi ya muda nchini Kenya, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka 2021, ulionyesha kwamba mwanamke hutumia karibu asilimia 18.7 ya saa 24 katika kazi za nyumba na malezi zisizo na malipo, na mwanamume asilimia 3.6, yaani kiasi cha saa nne na nusu kwa dakika zisizotimia sitini. Pengo hilo ni kubwa, na bado halikuigusa kazi inayozungumziwa hapa, kwa sababu uchunguzi wa aina hiyo huuliza mtu alifanya nini saa fulani, na anayeanika nguo huku akipanga karo ataandikwa kuwa alikuwa akianika nguo.

Ni kosa, hata hivyo, kuliona pengo hili kuwa ni mila ya kale isiyobadilika. Katika nyumba nyingi za Waswahili wa zamani, hasa zile zilizoshika desturi ya mwanamke kukaa ndani, sokoni alikwenda mwanamume na kikapu chake, naye ndiye aliyejua bei ya changu na ya nazi, akachagua na kujibu lawama kitoweo kikiwa kibovu. Sheria ya Kiislamu nayo humtwika mume wajibu wa nafaka, yaani chakula, mavazi na makazi ya mke na watoto, na wajibu huo ukitimizwa kwa ukamilifu wake huwa ni pamoja na kuuwazia. Kilichotokea katika familia nyingi ni kwamba mwanamke alipotoka kwenda kiwandani, ofisini au kwenye biashara yake, kikapu kilimfuata, na wajibu wa mume ukafinywa ukawa noti inayowekwa mezani asubuhi. Wanaume wanaosema wanafuata desturi wangefaa kuulizwa ni desturi ya mwaka gani.

Hapa ndipo msaada unapokosa kusaidia. Mume anayesema "ungeniambia tu, ningefanya" husema kweli na kwa nia njema, lakini katika maneno hayo amejiweka kuwa mtumwaji na mwenzake kuwa msimamizi, na usimamizi ndio unaochosha. Mchoraji wa Kifaransa anayejiita Emma alilieleza jambo hili kwa katuni mwaka 2017, na katuni hizo zikasambaa nchi nyingi, pengine kwa sababu kila msomaji aliisikia sauti ya mtu anayemjua. Mfanyakazi wa nyumbani naye, ambaye wenye uwezo humwona kuwa suluhisho, huondoa kazi za mkono na kuleta mawazo mapya: aelekezwe, apewe nauli ya kwenda kwao Kilifi au Kwale wakati wa msiba, na siku anapoondoka ghafla nyumba nzima husimama.

Kinachopunguza mzigo ni kumkabidhi mtu eneo zima pamoja na mawazo yake. Mume au kijana mkubwa akikabidhiwa maji, akabidhiwe na pipa, namba ya simu ya mwenye mkokoteni, pesa, na lawama ya siku yatakapokosekana, kisha mwenye kukabidhi avumilie kutoangalia pipa, jambo ambalo kwa aliyelizoea kwa miaka si rahisi, maana wiki ya kwanza yatakwisha kweli. Wengi hushindwa hapo na kuichukua kazi yao tena. Njia nyingine ni kupunguza maamuzi yenyewe, na pwani ina mazoea mazuri ambayo hayahitaji kufundishwa na yeyote: asubuhi ni mahamri na mbaazi ya kununua kwa jirani, Ijumaa ni pilau au biriani, na siku zilizobaki zikipewa zamu yake hivyo hivyo, swali la "leo tunapika nini" hubaki na kazi ya siku mbili tatu tu. Anayedharau mahamri ya kununua kwa kuwa ya nyumbani ni matamu zaidi hajaihesabu saa ya kuukanda unga.

Kuandika pia kuna nafasi yake. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huacha kuisumbua akili si tu linapokamilika, bali hata linapowekewa mpango ulio wazi wa lini na vipi litafanyika. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, yenye tarehe za kliniki, ada, mtungi wa gesi na michango ya arusi, hufanya kazi hiyo kwa sharti moja, kwamba isomwe na kila mtu, kwa sababu karatasi inayosomwa na aliyeiandika peke yake huwa kazi nyingine ya kuandika. Katika nyumba za vyumba, wapangaji walionunua tangi moja kwa kuchangishana na kumteua mmoja wao kwa mwezi kulisimamia wamefanya zaidi, kwa kuwa vichwa sita vilivyokuwa vikiwaza maji kila kimoja peke yake vimebaki kimoja kwa zamu. Ujuzi wa kujipanga namna hii si mgeni Mombasa. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji huu, ameeleza vyama vya lelemama ambavyo, pamoja na ngoma na mashindano yake, vilikuwa na vyeo, michango na mikono ya kusaidiana katika arusi na misiba, na chama cha leo chenye mweka hazina na daftari kimesimama katika njia hiyo hiyo.

Wako ambao mzigo wao umevuka bahari. Mwanamke wa Likoni aliyekwenda Saudia kufanya kazi katika nyumba ya watu huendesha nyumba mbili, moja kwa mikono na nyingine kwa simu, akiuliza usiku kama mtoto amekula, kama karo imefika, kama bibi amenunua dawa za presha, na bibi mwenyewe, aliyedhani malezi yameisha, ameanza upya hesabu za sare na vifuniko vya chupa.

Mzigo wa kuwaza si ugonjwa, na kuuita ugonjwa ni kumtia aliyeelemewa lawama ya pili. Lakini usingizi unapokatika kwa wiki nyingi, hamu ya kula ikapotea, au mtu akawa hawezi kuamua hata jambo dogo, hapo kuna haja ya kumwona mtaalamu, na kwa wakazi wa Changamwe na jirani zake hospitali ya Port Reitz imekuwa na kitengo cha afya ya akili kwa miaka mingi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwatuma vijijini na mitaani mwaka 2023, huingia nyumba kwa nyumba, na mara nyingi wao ndio wa kwanza kuiona hali hiyo.

Sheria kwa upande wake imeanza kuitambua kazi hii. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013, katika kueleza maana ya mchango wa mwanandoa, hutaja kazi za nyumba, usimamizi wa nyumba ya ndoa na malezi ya watoto pamoja na pesa, ingawa kifungu chake cha 3 humruhusu Mwislamu kufuata sheria ya dini yake, ambayo kwayo mali ya kila mmoja ni yake na dai la mke mbele ya kadhi huwa zaidi la matumizi asiyopewa. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu, na kwamba kila mmoja lazima athibitishe mchango wake, na hapo ndipo pagumu, kwani kukumbuka maji kwa miaka 20 hakuna risiti. Tanzania ilitangulia njia hiyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, nayo kesi hiyo imenukuliwa katika talaka nyingi tangu hapo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba pesa alizowahi kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alikwisha kuzitapanya.